Maharage ya Mtego

Mimi simwamini mtu anayesifia kitu changu mara mbili. Ya kwanza ni adabu, ya pili ni upelelezi. Nilikuwa bwana shamba wa serikali, nikizunguka vijiji vya Mufindi kwa pikipiki mpaka nilipostaafu, na huko nikajifunza kwamba mkulima akikuuliza mbegu umeitoa wapi, ujue ameshajua. Anataka tu kuona kama utamdanganya. Mke wangu Lea anasema sikufundishwa na wakulima, nimezaliwa hivi. Anasema hata siku ya ndoa yetu nilimtazama mchungaji kama mtu anayeniuzia ng'ombe mgonjwa.

Basi siku moja nilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, kwa rafiki yangu Pravin, kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka lake la mbegu na nafaka. Mkewe Kumud akanipakulia wali na maharage yaliyoungwa kwa tangawizi. Nikachota kijiko cha kwanza, nikakitazama, nikakirudisha kwenye sahani. Maharage yale yalikuwa madogo, mekundu, na kila punje ilikuwa na pete nyembamba nyeusi kuzunguka jicho. Maharage ya namna hiyo yalikuwa na mwenyewe mmoja tu, na mwenyewe ndiye mimi.

"Mama Nisha, haya maharage mmeyapata wapi?" nikauliza.

Kumud akamtazama mumewe. Pravin akaitazama achari.

"Siri ya jikoni hiyo, Bwana Shamba," Pravin akasema, akacheka. "Wewe kula. Mazuri sana. Yanaiva haraka, halafu mazuri sana."

Mara mbili. Nikacheka na mimi, lakini kwa meno tu.

Niliporudi kwetu Igowole nikaanza kukumbuka mengine. Pravin alipokuja na mkewe kututembelea mwaka wa nyuma, nilimpeleka shambani mwenyewe, kwa miguu yangu. Aliokota punje moja iliyodondoka, akaizungusha vidoleni muda mrefu huku akiongea habari nyingine kabisa. Wakati ule niliona ni mapenzi ya kilimo. Sasa nikaona vingine: mtu anayeibembeleza punje moja namna ile, ana mipango na gunia.

Maharage hayo yalikuwa roho yangu. Nilipostaafu niliyakuta nyumbani yamechanganyika, marefu kwa mafupi, ya mapema kwa ya kuchelewa. Nikayasafisha. Nilichagua mche mmoja mmoja, nikapanda uzao wa kila mche peke yake, yasiyofanana nikang'oa, msimu hadi msimu, mpaka yakawa ukoo mmoja usiojali ukungu wa Mufindi wala kutu ya majani. Kituo cha utafiti huko Mbeya kikakubali kuyapanda kwenye majaribio. Yakionekana safi na yakizaa vizuri, yangeandikishwa kuwa mbegu rasmi, na jina lake lingekuwa Kalinga, yaani jina langu. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka kiinua mgongo. Nilitaka watu wasionijua waketi mezani waseme, niongezee Kalinga.

Ndiyo maana sikumuuliza Pravin mara ya pili. Ukimuuliza mwizi, anajiandaa. Nikaamua maharage yenyewe ndiyo yamshitaki.

Ua la haragwe hujioa lenyewe likiwa bado limefumba, kwa hiyo si rahisi jirani akuharibie ukoo. Lakini miaka ile ya kusafisha, mche mmoja ulitoa maua meupe wakati wenzake wote walikuwa na maua ya zambarau, na ukazaa maharage meupe. Badala ya kuung'oa niliufuga nyuma ya zizi. Baada ya chakula cha Mwanjelwa nikaijua kazi yake. Nikachukua kibano cha Lea cha kung'olea nyusi, nikafungua vitumba vya maua ya zambarau, nikatoa upande wa kiume kabla haujakomaa, nikapaka chavua ya ule mweupe.

Watoto wa ndoa hiyo wote walitoa maua ya zambarau. Hata mmoja hakumfuata mweupe. Nao wakazaa punje nyekundu zenye pete, kwa maana ganda la punje hushonwa na mama, mtoto huvalishwa tu. Hata profesa asingezitofautisha na mbegu yangu safi. Lakini weupe haukufa, ulijificha. Ukizipanda punje hizo, kati ya kila miche minne, mitatu itakuwa ya zambarau na mmoja utatoa maua meupe, na huo utazaa maharage meupe kama karatasi. Ndiyo kanuni ya urithi tuliyofundishwa chuoni, na tofauti na watu, haijawahi kunidanganya.

Mwizi akiiba hataona kitu. Akipanda, shamba lake lenyewe litamtaja.

Kazi ile ilinila misimu miwili. Mbegu ya mtego nikaiweka kwenye kindoo cheupe cha rangi kilichosafishwa, nikakikwaruza kidogo chini ya kitako. Mbegu safi ilikuwa kwenye kindoo cha pili kama hicho hicho, na hiyo ndiyo yote niliyokuwa nayo, maana shamba nilikuwa nimelipumzisha kwa mahindi. Lea sikumwambia. Siri ya wawili si siri.

Mwezi wa kwanza Pravin akapita na gari lake akitokea Iringa mjini, anichukulie mbegu safi aifikishe kituoni Mbeya. Nilimpa kazi hiyo kwa sababu sina gari, na kwa sababu mwindaji hamfukuzi mnyama aliyeusogelea mtego. Nikampimia mfuko kutoka kindoo cha mbegu safi, nikaushona mbele ya macho yake. Halafu kindoo cha mtego nikakiweka mezani sebuleni, kifuniko nimekilegeza, kimejaa mpaka ukingoni.

"Ngoja nikaangalie ng'ombe mara moja," nikamwambia. "Hii hapa ndiyo mbegu yangu yote ya thamani, nakuachia uilinde."

"Usiwe na wasiwasi, Bwana Shamba," akasema, akavua miwani aifute.

Nilikaa zizini mpaka ng'ombe wakaanza kunishangaa. Niliporudi, Pravin alikuwa kwenye kiti kile kile, Lea akiimba jikoni, na kindoo kimepungua. Si kidogo, kama bakuli zima. Pravin akanitazama kwa tabasamu la ajabu, kama mtu aliyebana kicheko kwenye mazishi. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nikampa na parachichi. Naona haya kusema jinsi nilivyofurahi.

Mwezi wa nne simu ikalia. Alikuwa Sosthenes, mtafiti kijana wa pale kituoni, mtu wa heshima.

"Shikamoo mzee. Samahani, habari si nzuri. Shamba lako limechanganyika."

"Limechanganyika vipi?"

"Kuna maua meupe mzee. Si mengi, lakini yapo, na hatuwezi kuendelea namna hii. Wakubwa walitaka tuyatoe kabisa, nimeomba upewe msimu mmoja mwingine. Leta mbegu safi. Ikija hivi tena, ndiyo basi."

Nilikaa chini palepale kwenye tuta. Halafu akili ikaanza kufanya kazi yake. Maua meupe yangetoka wapi, kama si kwenye mbegu ya mtego? Na mbegu ya mtego nani aliichota? Na mfuko wa kituoni nani aliubeba? Nikaona wazi kabisa: Pravin amefungua mshono njiani, amejichukulia mbegu safi, akafidia kwa ile aliyoiba mezani. Alikuwa ameniibia mara mbili kwa safari moja. Nilimweleza Lea. Akaacha kuchambua mboga, akanitazama.

"Pravin? Baba Saulo, una uhakika?"

"Nina hesabu," nikamjibu.

Akataka kusema kitu, nikamwambia aniachie mambo ya kitaalamu. Akaniachia.

Nikavumilia mpaka maharage yalipovunwa, nikashuka Mwanjelwa siku watu wamejaa. Mlangoni mwa duka la Pravin palikuwa na madebe yamepangwa. La tatu lilikuwa la maharage madogo mekundu yenye pete nyeusi, na ndani yake, kama meno kwenye fizi, maharage meupe. Nikazamisha mkono, nikachota, nikahesabu kwa macho. Mekundu matatu, jeupe moja. Nikayainua juu watu wayaone.

"Haya nini?" nikauliza kwa sauti ya mkutanoni.

"Aa, Bwana Shamba, karibu! Hii nimeletewa juzi na mama mmoja wa Ipogolo, anauza pale kando ya barabara kuu. Nimemwambia achambue siku nyingine, hii imechanganyika."

"Ipogolo! Mwongo mkubwa we! Nilikuachia kindoo mezani, ukachota. Nikakupa mfuko, ukaufungua. Mimi nilikutega, Pravin! Maharage haya nimeyatengeneza mwenyewe yakutaje, na yamekutaja!"

Mama mmoja aliyekuwa anapima mchele akaurudisha polepole. Kumud akatoka ndani na mpini wa ufagio mkononi, akasimama mlangoni.

"Mimi sikugusa kindoo chako," Pravin akasema kwa sauti ndogo.

"Basi nani? Mzimu? Ulikuwa peke yako sebuleni!"

Pravin akafungua mdomo. Akamgeukia Kumud. Kumud akatikisa kichwa, kidogo tu, na Pravin akaufunga mdomo wake. Nilikiona kile kichwa. Kwangu kilikuwa ushahidi tosha: mke na mume wamekubaliana kukaa kimya.

"Mwizi," nikasema mbele ya wote, na nikalisema mara mbili ili lisikike barabarani.

"Nenda salama, Bwana Shamba," akajibu. Akaingia ndani. Miwani aliiacha mezani, juu ya mizani.

Nilirudi nyumbani nimeridhika, lakini kituo kilikuwa bado kinanidai mbegu safi. Ile iliyobaki kwenye kindoo cha pili sikuwa na shaka nayo hata chembe. Hata hivyo, mtu wa sayansi hupima. Nikaazima kitalu cha jirani chenye maji, nikapanda punje chache. Nikangoja.

Kabla hayajachanua ikafika sikukuu ya mavuno kanisani kwetu. Kulikuwa na ubaridi wa mwezi wa saba, ukungu umeingia mpaka kwenye madirisha, waumini tumejikunyata kwenye masweta. Akina mama wakaja kwa kucheza kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kila mmoja na beseni kichwani, kwaya ikiimba. Wa kwanza alikuwa Faustina, mke wa mwinjilisti. Akalishusha beseni lake mbele yangu, maana mimi ni mzee wa kanisa na hukaa kiti cha mbele.

Yalikuwa maharage. Madogo, mekundu yenye pete, na meupe katikati yake.

Nikajisemea, mke wa mwinjilisti pia! Lakini likafuata beseni la pili, nalo hivyo hivyo. La tatu lilikuwa viazi. La nne mekundu na meupe. Wakaendelea kuja, na nusu ya yale mabeseni yalikuwa mtego wangu, unapanda madhabahuni kwa vigelegele. Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Ibada ilipoisha na mnada wa mavuno ukaanza uani, nikamvuta Faustina pembeni.

"Kamwene, mama. Hii mbegu ya maharage umeitoa wapi?"

Akanishangaa. "Si kwako, mzee? Si kwa Mama Saulo? Sisi wote tumepewa na Mama Saulo. Mungu awabariki, inaiva haraka kweli. Hii nyeupe mmeongeza lini?"

Lea alikuwa kwenye kwaya, kitenge kipya, anaimba sauti ya pili macho amefumba.

Nyumbani nilisubiri avue viatu. Sikupiga kelele, nguvu hiyo sikuwa nayo.

"Umewapa mbegu yangu."

"Nimewapa mbegu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nimeolewa, Baba Saulo. Wewe maharage haya ulidhani yaliota hapa yenyewe? Siku ninaondoka kwetu mama alinifungia kwenye ncha ya kanga. Akaniambia, mwanamke akija na bakuli tupu kuomba mbegu, usimrudishe nalo tupu. Mbegu hainyimwi. Ukiinyima, siku ya kwako ikioza shambani utaomba kwa nani?" Akaketi. "Wewe ulipoanza kuyachagua chagua nikafurahi, nikasema sasa nitawapa nzuri zaidi."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie wewe? Wewe unayehesabu mayai kuku akiwa bado ameyalalia?"

Nikamuuliza habari ya kindoo cha mezani. Hapo akainamisha uso. Siku ile mwanamke mmoja alikuja mlango wa nyuma na bakuli. Lea akaingia sebuleni, akachota mbele ya Pravin, akaweka kidole mdomoni, na Pravin akabana kicheko. Basi lile ndilo tabasamu nililoliona.

"Mdogo wangu Anjela wa Ipogolo naye nilimpa," akaendelea. "Kwa hiyo mara nachota kindoo hiki, mara kile. Nikiona kimoja kimepungua sana najazia kwa kingine, vilingane, usije ukasumbuka. Si mbegu ni moja?"

Hakukuwa na mbegu safi. Haikuwepo tangu kabla Pravin hajaleta gari lake. Mfuko wa kituoni niliushona mwenyewe, na mtego ulikuwa ndani.

"Na Kumud?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Kumud nilimpa siku walipotutembelea, ile uliyompeleka Pravin shambani, kabla hujaanza vibano vyako. Amepanda nyuma ya nyumba yao, kila msimu anarudishia. Nikawaomba wasikuambie. Wakaniahidi."

Nikaona kile kichwa cha Kumud kikitikisika mlangoni. Wateja wamejaa, naita mwizi, na Pravin alikuwa na neno moja tu la kumsafisha, jina la mke wangu, na hakulisema. Nililia. Lea hakunibembeleza, alikwenda kuchochea moto.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema kutoka jikoni. "Sasa mbegu safi iko Mwanjelwa. Chukua bakuli uende ukaombe."

Wiki hiyo hiyo kitalu cha jirani kikachanua. Meupe yalikuwemo. Sikuwa na njia nyingine.

Nilikwenda. Bakuli sikubeba, nilibeba mfuko, kiburi hakifi kwa siku moja. Dukani palikuwa na wateja, nami nikasema mbele yao, maana niliyemtukana mbele za watu sikuweza kumwomba radhi chumbani. Nikasema Pravin si mwizi, mwizi hakuwepo, mimi ndiye niliyekosea. Maneno yalitoka makavu lakini yalitoka.

"Nimesikia," Pravin akasema.

Nikamweleza shida. Hakuniacha nimalize. Akamwita Kumud, wakanong'ona kwa Kigujarati, Kumud akaingia ndani na kurudi na debe dogo la maharage mekundu. Hayo ndiyo yote waliyokuwa nayo. Niliona mkono wake ulivyokung'uta kitako cha debe. Akalimimina kwenye mfuko wangu bila kupima.

"Yaangalie kwanza," Pravin akasema. "Usije ukasema nimekuchanganyia."

"Pravin..."

"Angalia, Bwana Shamba."

Ikanibidi niiname pale pale, mbele ya watu, nichambue mbegu niliyopewa bure kutafuta kasoro. Sikuona kitu, na wote tulijua kwamba kwa macho hakuna cha kuona. Nikafunga mfuko. Miaka yote niliyomjua mtu huyo sijawahi kutoka dukani kwake bila chai ya maziwa na iliki. Niliisikia inachemka nyuma ya pazia, harufu ikafika mpaka kwangu. Nikajifanya natafuta kofia. Kumud akashusha pazia vizuri, na Pravin akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri mbegu za kabichi.

Nilizipanda mwenyewe kando ya nyumba, kwanza kabla ya kuzipeleka kwa Sosthenes. Zilipoanza kufungua vitumba nikawa naamka mapema kuliko Lea, napita tuta hadi tuta, nainua jani moja moja. Nilikuwa natafuta ua jeupe. Nililitafuta kwa hamu, jamani, kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Moja tu, niseme kumbe nilikuwa na sababu. Yote yalikuwa ya zambarau.